Majina ya Askari Wetu Yaandikwe Kijijini

Katika mazishi ya wazee waliozaliwa kabla ya 1925, iwe Vihiga, Siaya, Bungoma au Nandi, waombolezaji walikuwa wakipewa kijitabu chenye picha ya marehemu na wasifu wake. Watoto, wajukuu na vitukuu walijaza ukurasa mzima. Mwaka wa ubatizo haukukosa, wala jina la kanisa. Vita alivyopigana vilipewa mstari mmoja, kwamba alitumika katika jeshi la Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani, kisha msomaji akaendelea na mengine. Alikuwa kikosi gani? Alipelekwa Ethiopia, Madagaska au Burma? Ni nani wengine wa kijiji hicho walioondoka pamoja naye wasirudi? Aliyeyajua majibu ndiye aliyekuwa akizikwa.

Mstari huo ndio kumbukumbu yote tuliyo nayo kuhusu maelfu ya watu wa magharibi mwa Kenya waliovaa sare au kubeba mizigo ya wenye sare. Tumezoea kulaumu Nairobi kwa kuwasahau, na kulaumu London hata zaidi. Lawama zote mbili zina haki. Lakini mimi naamini kazi yenyewe, ya kuandika majina yao katika daftari la kijiji, ni ya kata ndogo, ya wazee wa kijiji, ya kanisa na shule ya hapo, kwa kuwa jina la mtu linajulikana pale alipozaliwa kabla ya kujulikana kwingine kokote. Kumbukumbu ya askari isiyo na majina haimkumbuki mtu.

Kwenye barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba, mmoja wao mpagazi. Zilijengwa baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako. Nimeisoma ahadi hiyo mara nyingi na kila mara huniuma, maana juu ya jiwe hilo hakuna jina hata moja la mpagazi wala la askari Mwafrika. Wana wangelikumbuka jina gani?

Tukumbushane kidogo jinsi vita hivyo vilivyotufikia, kwa sababu vijana wengi wa Kisumu na Kakamega wanadhani vilikuwa vita vya Ulaya. Septemba 1914, mwezi mmoja tu baada ya vita kutangazwa, Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanzania bara ya leo na kuingia Kisii. Tarehe 12 wakapigana na askari wa Keya. Pande zote mbili zilipokuwa zimejiondoa, wenyeji walilivamia boma na maduka, na serikali ya kikoloni ikalipiza kisasi kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Juni 1915 jeshi lililokwenda kuishambulia Bukoba lilipanda meli hapa Kisumu, kwenye bandari hii tunayokula samaki kando yake.

Halafu wakaja kuchukuliwa watu. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali uwezo wa kuwalazimisha wanaume kuwa wapagazi, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 aliyepewa jukumu la kukusanya watu kwa wingi zaidi alikuwa John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa jimbo la Nyanza na aliwajua machifu wake mmoja mmoja. Kila chifu alitakiwa kutoa idadi yake. Nyanza ya wakati huo ilijumuisha Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakipsigis, na ndiyo iliyotoa fungu kubwa la wapagazi kuliko jimbo lolote nchini. Hata Kaimosi, ambako wamisionari wa kanisa la Marafiki (Quaker) walikuwa wamefika mwaka 1902 wakihubiri kwamba vita ni dhambi, ilikuwa ndani ya eneo lililotozwa watu.

Wapagazi wa Kenya waliokufa wanakadiriwa na wanahistoria kuwa zaidi ya 40,000. Risasi ziliua wachache kati yao. Waliouawa zaidi walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia, wakiwa wamebeba mzigo wa kilo 25 na zaidi kwa mamia ya kilomita kuelekea kusini mwa Tanganyika na Msumbiji. Chakula chao chenyewe kilikuwa sababu. Watu waliozoea wimbi na mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika kwa haraka jioni, wamechoka, kuni zimelowa, na tumbo likashindwa. Mtu wa Gem au Maragoli aliyekufa hivyo kando ya njia Mahenge alizikwa na wenzake kama walikuwa na nguvu, au akaachwa.

Baada ya vita, tume ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1917 kushughulikia makaburi ya wanajeshi ilijiwekea kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Kwa Waafrika wa Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Maofisa waliandika kwamba kuwawekea mawe ya kaburi kungekuwa kupoteza fedha za umma, na makaburi yao yakaachwa yamezwe na pori. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo, ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo.

Naliheshimu ombi hilo la radhi. Lakini angalia lilivyopokelewa kwetu. Magazeti yaliandika kwa siku mbili tatu, kisha basi. Sikusikia kaunti moja ya Nyanza au Magharibi ikisema: haya, hawa ni watu wetu, tupeni karatasi mlizo nazo nasi tutawaleta wazee. Kama hatujui ni nani aliyepotea kutoka Butere au Ugenya, radhi imeombwa kwa nani?

Walichopata waliorudi hai kinafaa kutajwa pia, kwa kuwa ndicho kinachoeleza kwa nini kumbukumbu ya vita kwetu ilikaa na uchungu. Maofisa wa Kizungu waliojeruhiwa walitengewa ekari 25,000 huko Kericho walime kitani. Mradi ulishindwa, na baadaye ardhi hiyo ikawa mashamba ya chai tunayoyaona hadi leo. Ardhi ya Wanandi pande za Kipkarren ilikatwa wapewe wanajeshi Wazungu waliotaka kuwa walowezi. Mwafrika aliyerudi kutoka vita hiyo hiyo alikuta kipande, kitambulisho cha lazima cha kufungwa shingoni, kodi ya nyumba iliyopanda, ukame wa 1918 na 1919, na ile homa kuu iliyoua watu duniani kote. Wapo ambao mishahara yao haikuwafikia kamwe jamaa zao, kwa sababu majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, katika mkutano ulioanzisha vuguvugu la kisiasa la Piny Owacho. Walidai kipande kiondolewe na kodi ipunguzwe. Siwezi kuutenganisha mkutano huo na wapagazi. Miaka minne tu kabla yake wanaume wa lokesheni hizo hizo walikuwa wakihesabiwa na kupelekwa.

Wako wanaoniambia, na si watu wa kupuuzwa, kwamba hakuna sababu ya kuwaadhimisha watu waliotumikia jeshi la mkoloni. Ni Keya waliotumwa kuwapiga Wanandi. Ni ofisa wa Keya, Richard Meinertzhagen, aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905. Miaka ya 1950 Keya walipelekwa msituni kupambana na Mau Mau, na miongoni mwao walikuwepo vijana wa kwetu. Hoja hii ni nzito. Ukifika kwenye makumbusho ya Koitalel huko Nandi Hills ndipo unapoelewa uzito wake. Hata hivyo, chini ya miaka kumi baada ya Koitalel kuuawa, Wanandi wenyewe walikuwa wakiandikishwa Keya. Wengine walifuata mshahara wa kulipa kodi, wengine walisukumwa na chifu, wengine walikuwa vijana waliotaka kuona dunia. Wote hao ni babu zetu. Kumwandika mtu daftarini hakuhitaji tukubaliane na aliyemtuma. Na mwenye kutaka kuandika pembeni kwamba fulani alikuwa na kikosi kilichopelekwa Aberdare mwaka 1953, aandike, maana huo nao ni ukweli wa kijiji.

Kuhusu wapagazi hoja hiyo haina nguvu kabisa. Wengi wao hawakuchagua.

Vita ya pili ilikuwa tofauti kwa jambo moja muhimu: majina yaliandikwa. Karibu Wakenya 98,000 waliingia jeshini kati ya 1939 na 1945. Walikuwemo waliopigana Ethiopia mwaka 1941 hadi Waitaliano wakasalimu amri Gondar mwezi Novemba. Walikuwemo wa kikosi cha Pioneer waliochimba, kujenga na kupakua mizigo Mashariki ya Kati. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya mvua za masika ya huko, mwaka 1944, ambako ugonjwa ulipunguza watu kama Wajapani walivyowapunguza, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Waliorudi waliitwa watu wa Burma hadi walipokufa.

Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli iliyoitwa Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Kijapani iliipiga, na ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Watu wapatao 1,300 walikufa. Ni mojawapo ya misiba mikubwa zaidi ya baharini ya vita ile kwa upande wa Waingereza, na hapa kwetu haifundishwi. Muulize mwalimu wa historia wa sekondari yoyote ya Busia au Homa Bay kama amewahi kuisikia.

Majina ya waliokufa vita ya pili bila kaburi yamechongwa kwenye kumbukumbu zilizoko mbali: mengine kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, mengine huko Burma kwenyewe. Karibu nasi, Gilgil katika kaunti ya Nakuru, kuna makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, na magari yanapita barabara kuu kila saa bila abiria kujua. Yote haya yamo katika orodha za tume, na orodha hizo zinaweza kusomwa na yeyote mwenye simu na bando. Kinachokosekana ni daraja kati ya orodha na boma. Namba ya askari, kikosi, tarehe ya kufa vipo. Mke aliyeachwa, kaka aliyemrithi, shamba lililobaki, mtoto aliyezaliwa baba akiwa Ceylon, hayo yapo kijijini tu.

Kijiji kilifanya sehemu yake kwa njia kiliyoijua. Magharibi mwa Kenya wako watu wanaoitwa Keya na wanaoitwa Panyako, majina yaliyotoka moja kwa moja kwenye King's African Rifles na kikosi cha Pioneer. Mtoto alipewa jina la jeshi lililomchukua baba au la msimu ambao wanaume waliondoka. Leo jina hilo limo kwenye kitambulisho cha mjukuu asiyejua lilitoka wapi.

Na wanawake? Wakati wanaume wa lokesheni nzima wamekwenda, ni nani aliyelima, aliyelipa kodi, aliyezika? Daftari ninalolipendekeza likimwandika mwanamume aliyekwenda bila kumwandika mkewe au mama yake aliyebaki, litakuwa limerudia kosa la ile sanamu kwa namna nyingine. Wajane wengi wa wapagazi hawakuwahi kuambiwa rasmi kwamba waume wao wamekufa. Waliendelea kungoja hadi ukoo ulipoamua kwamba amekufa. Hilo nalo ni utumishi, hata kama hakuna medali yake.

Kuna kundi ambalo baba na mama zao bado wako hai, na hapa nasema kwa uzito wote nilio nao. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Askari waliokuwa pale walitoka batalioni ya tisa ya Kenya Rifles, yenye makao yake Moi Barracks, Eldoret. Ibada ya kuwaombea ilifanyika Eldoret mwezi huo huo, Rais Uhuru Kenyatta akiwepo pamoja na marais wa Somalia na Nigeria. Mwaka uliofuata ikavamiwa kambi nyingine ya Kenya huko Somalia, Kulbiyow. Miaka imepita, na serikali haijawahi kutoa hadharani orodha kamili ya waliokufa El Adde. Hoja ya usalama niliielewa wiki ile ya kwanza. Siielewi sasa. Adui anajua alichofanya, na kila kijiji kilichopokea jeneza kinamjua wake. Asiyepewa nafasi ya kujua ni taifa. Tukishindwa kuwataja waliokufa mwaka 2016 ambao vitambulisho vyao, picha zao na namba zao za utumishi vyote vipo, tutawezaje kuwalaumu makarani wa 1917?

Tunayo Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba na siku ya jeshi la ulinzi tarehe 14 mwezi huo huo. Tunayo Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya mwaka 2022, inayohusu ustawi wa waliostaafu, na chama cha askari wastaafu, DEFOCA, ambacho wazee wetu walikijua zamani kwa jina la KAFOCA. Haya yote ni mema na ninayaunga mkono. Lakini siku ya taifa huadhimishwa kwa hotuba na gwaride, na gwaride halifiki Tinderet wala Mt. Elgon.

Kazi ya majina haihitaji fedha nyingi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti makumbusho, maktaba na shughuli za utamaduni, kwa hiyo hakuna anayehitaji kungoja idhini kutoka juu. Naomba magavana wasianze na sanamu. Najua mvuto wake: kuna zabuni, kuna siku ya uzinduzi, kuna kibao chenye jina la mheshimiwa aliyezindua. Fedha hizo zitoshe kuwalipa nauli vijana waliomaliza kidato cha nne, wawili kila kata ndogo, wakiwa na daftari na simu ya kupiga picha, waende boma hadi boma na mzee wa kijiji. Watoto wa askari wa Burma sasa wana miaka sabini na themanini. Hao ndio wa kuwaendea kwanza, mwaka huu, maana hawatungojei. Wanazo nyaraka ndani ya masanduku ya bati: cheti cha kutolewa jeshini, kitabu cha malipo, barua iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kambini, medali ambayo bado haijauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Zipigwe picha, zirudishwe sandukuni. Asiondoke mtu na kitu cha familia.

Makanisa yafungue vitabu vyao vya ubatizo na ndoa, kuanzia kanisa la Anglikana (ACK) Maseno hadi misheni ya Kikatoliki ya Mumias, ili miaka ilinganishwe. Walimu wa shule za msingi na sekondari ya chini wawape watoto kazi ya kuuliza nyumbani, kwa kuwa bibi humjibu mjukuu mambo ambayo hamjibu karani. Nakala ziwekwe kwenye hifadhi za nyaraka za taifa zilizoko Kisumu, Kakamega na Nakuru, pale ambapo mtafiti yeyote atazipata.

Kuna maswali ambayo wakusanyaji watakutana nayo mapema, na ni vyema tukayaamua kabla. Mtu aliyetoroka jeshini aandikwe? Aandikwe, na itajwe kwamba alitoroka. Aliyekuwa mpishi au dereva na hakushika bunduki? Aandikwe sawa na mwenzake. Askari aliyefungwa baada ya maasi ya wanajeshi kambini Lanet ya Januari 1964, wakati jeshi lilikuwa na wiki chache tu tangu liwe la Kenya? Naye. Waliokwenda na Umoja wa Mataifa Namibia, Yugoslavia na Sierra Leone, wale waliokuwa Kaskazini Mashariki wakati wa vita vya Shifta, wote ni wa daftari hilo hilo, na familia za El Adde ziulizwe kwa upole kama zinataka. Zitakazokataa ziheshimiwe.

Kwa mpagazi wa 1917 mara nyingi hakutapatikana tarehe wala kikosi. Kutapatikana jina la kuzaliwa, jina la baba yake, ukoo, na neno moja kutoka kwa mjukuu kwamba alichukuliwa na chifu fulani na hakuonekana tena. Hayo yaandikwe yalivyo, bila kuongezewa chumvi, na nafasi iachwe chini yake kwa atakayepata zaidi.